Mtihani wa Selina

Mwaka 1999 watu walijazana kwenye duka la kompyuta la Jitesh, mjini Mwanza, kama wanagombea samaki mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Selina wa Mabatini, gauni lake la kitenge cha manjano likiwaka, alikuwa akisubiri zamu. Alisoma chuo cha mbali. Masomo yalimjia kwa barua pepe. Kijana nyuma yake, aliyemsikia akimweleza Jitesh hayo, akacheka.

"Dada, kitendawili!"

"Tega."

"Mwanafunzi hana darasa, mwalimu hana sura."

"Ni mimi huyo. Na wewe nani, mwenye mdomo?"

"Josephat, nipo likizo. Nasoma chuo kikuu, chenye kuta, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Sogea huko, unanipumulia!"

Lakini alitabasamu, na wajukuu zangu mnajua tabasamu la hivyo linakofika. Mwezi mzima walikula sato wa kuchoma ufukweni. Kila asubuhi Josephat alimpigia Selina kwenye simu ya duka la Jitesh:

"Umeamkaje, ua langu?"

"Salama, ingawa chuo changu hakina kuta."

Siku ya mtihani laini ya intaneti ikakatika kabla hajajibu, na zahanati alikofanya kazi Selina wakamwita.

"Nilindie mashine, Jose. Narudi sasa hivi."

Aliporudi, alimkuta Josephat anachekelea.

"Laini imerudi, kipenzi. Nimekujibia yote, nimeshatuma!"

"Kwa jina langu?"

"Kwani nani atajua? Hayo ya kompyuta si masomo ya kweli."

"Mwenzako chuoni ungemfanyia hivi?"

"Aa, kule wanafukuza mtu."

"Na mimi ndiyo jalala?"

Selina alimtazama kama mtu aliyekuta nywele ndani ya uji. Akavuta kiti, akaanza kumwandikia mwalimu wake ukweli.

"Selina mama, utarudia mwaka mzima!"

"Nitarudia."

Josephat akamshika mkono. Selina akauchomoa, akaufuta kwenye gauni kana kwamba umeguswa na dagaa waliooza. Akatuma.

"Imekwenda," Jitesh akasema taratibu.

Kesho yake simu ya dukani ililia.

"Nisamehe, Selina. Nataka nije kwenu na wazee wangu."

"Uje kuoa mwanamke unayemdharau? Nilikupenda, Josephat. Sasa nikikukumbuka nasikia kinyaa."

Akamrudishia Jitesh simu. Machozi yalimtoka kweli, maana mapenzi hayazimwi kama taa. Akayafuta kwa kiganja, akakaa kwenye mashine, akafungua somo la kwanza, upya.