Chai ya Maziwa kwa Cyprien

Ndugu zangu wa mtaa wetu wa Mangobo, nataka kuwaeleza yaliyoikuta nyumba ya Cyprien, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Nitaeleza bila kupandisha sauti, maana hasira yangu ilikwisha zamani.

Asubuhi za Jumapili nyumba ile ilipendeza kuitazama. Mkewe Georgette aliponda ndizi za lituma uani, na binti yao Élise, aliyeanza tu kutembea, alivuta kitenge cha mama yake akicheka. Cyprien, karani wa bandarini, alikaa barazani na gazeti. Kisha Georgette akapata mimba nyingine na, kama ilivyo desturi yetu, mtoto akaachishwa ziwa papo hapo. Chakula chake kikawa lituma na mchuzi.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Daktari wa zahanati yetu alikuwa akifanya utafiti. Alitaka kujua kama maziwa ya unga yangeweza kuwakinga watoto walioachishwa ziwa na ule ugonjwa wa kuvimba miguu na nywele kuwa nyekundu. Kila mama, Georgette akiwemo, alipewa kopo, na kila wiki mtoto alipimwa uzito. Yakionekana kufaa, yangegawiwa mitaa yote.

Wakati huohuo Cyprien alikuwa akiomba kadi ya évolué, ile iliyotolewa kwa mtu mweusi aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Kabla ya kuitoa, wakubwa wa serikali ya kikoloni walikuja nyumbani kukagua meza, uma, kitanda, hata namna mke anavyokaribisha wageni. Basi Cyprien akawa anawaalika makarani wenzake kila Jumapili, ili nyumba izoee. Walikunywa chai ya maziwa, na maziwa yenyewe yalikuwa ya Élise.

"Papa Élise, ile maziwa ni dawa ya mutoto," Georgette alimwambia.

"Bon, na wageni watakunywa chai ya rangi kama washenzi? Mutoto atakula lituma. Mimi nilikula lituma, nikakomaa."

"Na kule dispensaire nitasema nini?"

"Utasema anakunywa. Donc unataka nikose carte?"

Mashavu ya Élise yakajaa. Cyprien akafurahi, akambeba mbele ya wageni. "Angalieni mutoto wangu. Iko munene."

Hakuwa mnene, jamani. Ulikuwa uvimbe. Ukimbonyeza mguu, kidole kiliacha shimo. Mtoto hakucheka tena, wala hakulia. Alikaa pale alipowekwa.

Angélique, muuguzi aliyepima watoto, aliuliza kama kazi yake ilivyomtaka. "Mama, mutoto anakunywa maziwa?"

"Anakunywa."

"Kila siku?"

"Kila siku," alijibu Georgette akitazama chini.

Daktari aliamini. Kama mtoto anakunywa maziwa na bado anavimba, alisema, basi ugonjwa ni wa figo. Akampa dawa ya figo.

Wakubwa walipokuja kukagua, Élise alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na meza. Walikunywa chai, wakasifu nyumba. Mmoja wao alimtazama mtoto akasema ana adabu, hasumbui wageni. Cyprien akamshukuru. Juma hilohilo tulimzika Élise.

Sikumbuki kilio kikubwa. Georgette alitoka makaburini akaenda moja kwa moja kwa Angélique, akamwambia, "Hakukunywa hata kikombe." Angélique akafungua daftari la uzito, akapitia majina. Kisha akasema, "Wale waliokunywa walipona, mama."

Daktari akatuma watu wapite nyumba kwa nyumba, waulize upya kwa upole. Ikajulikana kwamba makopo mengi yalikwenda kwenye chai au sokoni, na kila mama alikuwa amejibu, "Anakunywa." Utafiti ukaanza upya. Mitaa iliyongojea maziwa ikaendelea kungojea, na watoto wake wakaendelea kuvimba.

Kadi ya Cyprien ilifika.

MAFUNZO

Cha mtoto ni cha mtoto. Mgeni akikosa maziwa atakunywa chai ya rangi, ataaga, atakwenda kwake. Wewe mume, usimfundishe mkeo uongo wa kumpelekea muuguzi. Na sisi sote, anayetuuliza habari za watoto wetu tumwambie kweli, hata ikituaibisha, kwa kuwa dawa yao inatafutwa ndani ya majibu yetu. Daktari yule hakuwa mjinga. Alimtibu mtoto wa kwenye majibu yetu, yule anayekunywa maziwa, na yule aliyekuwa mbele yake akafa.