Mkono wa Lilia Siku ya Nane

Asubuhi zangu zilikuwa za namna moja. Namshukuru Mungu, nawasha moto, kisha naponda magimbi ya poi, ule uji wetu mzito. Nilikuwa nakaa na binti yangu Lilia, wa miaka saba. Mume wangu Paele alikufa mwaka wa surua. Dada yake, wifi yangu Haliaka, alikaa ng'ambo ya kijito na wanawe watatu. Kila wiki alishuka bandarini kuuza magimbi.

Mwaka ule meli ilileta ndui bandarini. Wiki haikuisha, Daktari Treadway akaingia bondeni kwetu juu ya nyumbu wake.

Alikuwa daktari pekee wa mabonde matano. Miaka ishirini alikuwa nasi. Lugha yetu aliisema vizuri, poi alikula kwa vidole, na watoto wake wawili wamelala nyuma ya kanisa letu. Siku hiyo alileta chanjo kidogo sana, imekaushwa kati ya vipande viwili vya kioo. Akachanja watoto sita.

Siku ya tano akarudi kutazama. Mikono mitano haikuwa na kitu. Mkono wa Lilia tu ndio ulikuwa na lengelenge zuri, la mviringo.

"Mama Lilia," akaniambia, "mkono huu ndio mbegu ya bonde zima. Siku ya nane nitachukua maji ya lengelenge hili niwachanje wengine. Usiuoshe. Usiukamue. Usiupake kitu."

"Nimesikia, Daktari."

Haliaka, aliyekuwa amekuja kutazama, akacheka. "Wifi yangu asioshe kitu? Huyu anasugua hata mawe ya kijitoni!"

Siku ya saba Lilia akawaka homa. Mkono ukavimba, ukawa mwekundu. Kwetu mwenye homa hupelekwa baharini. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu pia. Nami ndimi niliyeongoza sala za akina mama. Ndimi niliyewakemea wenzangu kwa kwenda kwa waganga. Siku hiyo sikumuuliza mtu. Nilimbeba mwanangu, nikamtia baharini, nikausugua ule mkono kwa maji ya chumvi. Lengelenge likapasuka. Nililiona likipasuka. Nikazidi kusugua.

Kesho yake nikamvika gauni la mikono mirefu.

Kanisani watu walikuwa wamepanga mstari. Haliaka alikuwa wa kwanza, na wanawe nyuma yake.

"Haya, Lilia, njoo," daktari akasema.

Nikamzuia mtoto. "Daktari, limeshapona. Limekauka lenyewe."

"Siku ya nane? Mapema mno. Hebu nione."

"Mtoto anaona haya mbele za watu."

"Haya gani!" Haliaka akadakia. "Jana si nilimwona uchi baharini na wewe mwenyewe!"

Watu wakacheka. Kisha Haliaka akautazama ule mkono wa gauni. Alikuwa ameelewa alichokisema.

Daktari hakucheka. Alivua kofia, akachuchumaa mbele yetu.

"Mama Lilia," akasema taratibu, "nilipokuwa kijana, kule nilikozaliwa, nilichanja kijiji kizima. Chanjo ilikuwa imeharibika kwa joto. Sikurudi kutazama mikono. Niliwaambia, 'Mko salama.' Nilizika watu kumi na mmoja walioniamini. Kama mkono huu umeharibika, niambie sasa."

Nilitamani sakafu ya kanisa inimeze. Nikaupandisha ule mkono wa gauni mwenyewe. Pale palipokuwa na lengelenge palikuwa na kidonda kibichi.

"Nilimwosha," nikasema. "Nilimsugua. Na nimekudanganya ndani ya nyumba ya Mungu."

Haliaka akanigeukia. "Wifi, hata kuniita ulishindwa? Kijito tu kinatutenga!"

Daktari akamgusa Lilia kipaji cha uso. "Homa ile ni kawaida ya chanjo," akatueleza sote. "Mpe mtoto maji ya kunywa, apumzike. Mkono uachwe mkavu mpaka kigaga kianguke chenyewe. Ukiwa na shaka, nitumie mtu. Na kuchanjwa peke yake hakutoshi. Lazima mkono utazamwe."

"Lilia je?" nikauliza.

"Sijui. Nitamchanja tena."

Akapanda nyumbu kwenda bonde la tatu kutafuta mbegu nyingine, na mito ilikuwa imejaa. Alirudi siku ya nne, matope mpaka kifuani, pamoja na mama aliyebeba mtoto mwenye lengelenge zima. Akatuchanja wote. Mimi nilishika mikono ya watoto wasitikisike. Siku ya nane baada ya hapo hakuna mkono uliokosa lengelenge.

Haliaka naye alichanjwa, lakini ndui ilikuwa imeshamwingia huko bandarini. Nilimuuliza daktari kama zile siku nne nilizompotezea zingemsaidia. Hakunificha.

"Huenda zingemwokoa," akasema.

Akamtenga katika kibanda juu ya kilima, akamuuguza mwenyewe, kwa kuwa yeye alikuwa amechanjwa tangu utotoni. Mimi nilikaa na wanawe watatu. Nililala nao, nikala nao, na kila asubuhi niliitazama mikono yao. Hakuna aliyeugua. Lilia naye hakuugua. Katika bonde letu ndui ilimpata mtu mmoja tu.

Haliaka alipotoka, uso wake ulikuwa umejaa mashimo. Nilipiga magoti mbele yake.

"Inuka, wifi," akasema. "Wanangu wamekula?"

Sasa daktari akija kuchanja, mimi hutangulia nyumba kwa nyumba. Nawaambia akina mama: msioshe, msikamue, siku ya nane njooni. Wakiniuliza nimejuaje, nawasimulia haya yote, na jina langu silifichi.

Jumapili Haliaka hukaa na watoto benchi la pembeni yangu. Siku moja aligeuka katikati ya sala, akanikuta namtazama.

"Acha uso wangu," akanong'ona. "Tazama mikono ya watoto."

Nikaitazama. Alama tatu, kila moja kama punje ya kunde, na ya nne ya Lilia. Nikafumba macho nikaomba, na nilipoyafumbua yalirudi kule kule usoni kwake.