Mabwana wa Juu ya Mlango

Asubuhi ile Kavumbi, jirani yetu wa Magarini, alikamua mbuzi wake, akajifunga leso mpya, akashuka mjini kufuatilia hati ya shamba la ukoo wao. Jengo lile la serikali ni la tangu enzi za Waingereza. Juu ya mlango pana sanamu za wazungu wawili, na chini yao pameandikwa: WAASISI WETU. Siku hiyo mafundi walikuwa wakibandua chokaa kuukuu kwa nyundo na kuzipaka upya.

Kavumbi alizitazama, nyongo ikampanda. Hao ndio waliowachomea wazee wake nyumba na ghala za mahindi, wakawafukuza hadi ng'ambo ya mto Sabaki.

“Waasisi wa nini?” akauliza kwa sauti. “Wa moto?”

Farjallah, askari wa mlangoni, akamsogelea. “Taratibu, mama,” akanong'ona. “Wale wanasikia.”

Kavumbi akasonya, akaingia.

Bwana Hesbon, afisa wa ardhi, kijana mpole, alimkaribisha kiti. Akafungua mdomo amsalimu. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, kavu, ya mzungu anayekitafuna Kiswahili.

“Shamba yangu. Wewe toka.”

Hesbon akajishika koo. Machozi yakamtiririka. Midomo ikaendelea kucheza.

“Toka. Mimi nachoma tena.”

Chumba cha pili kikaitikia, kwa sauti ileile. Cha tatu pia. Makarani wote. Toka. Toka.

Kavumbi alikuwa na hofu, lakini hasira iliizidi. Akatoka nje, akampokonya fundi mmoja nyundo, akapanda ngazi ya wapaka chokaa. Akapiga. Akapiga tena. Kichwa cha kwanza kikaanguka. Cha pili kikapasuka, yakamwagika majivu na punje za mahindi zilizoungua. Majivu yalikuwa bado ya moto.

Ndani, Hesbon akalia kwa sauti yake mwenyewe.

Polisi walipofika kuuliza nani kavunja, Farjallah akaapa hakuona mtu.

Kesho yake, alfajiri, Kavumbi alikuta jiwe jeupe la mpaka limesimikwa katikati ya kaburi la mamake, pale shambani. Mchanga ulikuwa laini, na hapakuwa na unyayo wowote.

“Hata hapa?” akafoka. “Hata hapa, mashetani nyinyi?”

Akalikumbatia alitoe. Lilikuwa na joto, joto la mwili wa mtu. Halikutikisika. Akaleta jembe, akachimba kwa ghadhabu, udongo ukiruka, mpaka akaona chini yake.

Lilikuwa limeota mizizi. Yote ilielekea nyumbani kwake.