Kinanda Kilicholia Ngoma

Kila siku baada ya masomo, Sindano, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alipita ukumbini kumsaidia shangazi yake kukunja nyaya. Shangazi alikuwa fundi wa sauti wa shule. Ndiye aliyemfundisha kwamba kinanda cha pale hakikuwa na sauti yake chenyewe.

"Kinatuma ishara tu, zinaitwa midi," alimwambia. "Ishara inasema umebonyeza wapi na kwa nguvu gani. Ikiingia kwenye kompyuta, sisi ndio tunaichagulia njia: iende kwenye piano, filimbi au ngoma."

Siku moja Sindano alimkuta rafiki yake, waliyemwita Malkia, akimpigia mwalimu wa muziki wimbo. Sindano aliutambua mara moja. Aliutunga mwenyewe, akamwonyesha Malkia peke yake.

"Umetunga wewe?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu," Malkia alijibu bila kupepesa macho.

"Basi utaupiga kwenye tamasha la wazazi," mwalimu alisema.

Sindano aliificha hasira yake. Aliendelea kucheka na Malkia na kula naye, huku moyoni akisema: utanitambua.

Siku ya tamasha, shangazi alipotoka kukagua spika za nje, Sindano aliketi mbele ya kompyuta. Akaikata njia ya kinanda iliyokwenda kwenye piano, akaielekeza kwenye ngoma.

Malkia akapanda jukwaani, akabonyeza. Badala ya wimbo, ikatoka vurugu ya ngoma na matoazi, kama sufuria zinazoporomoka ngazini. Watu wakaangua kicheko. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Akajifunika uso. Nyuma ya pazia, Sindano alitabasamu. Roho yake ilikuwa kwatu.

Lakini mwalimu mkuu alimfuata shangazi, aliyekuwa akihangaika na nyaya huku jasho likimtoka. "Tumekukabidhi mitambo, nawe unatuaibisha hivi? Nipe funguo za ukumbi."

Shangazi akaingiza mkono mfukoni. Tabasamu la Sindano likayeyuka.

"Mwalimu, si yeye," alisema akijitokeza. "Ni mimi. Malkia aliniibia wimbo, nikataka naye aaibike."

Mwalimu wa muziki akamtazama Malkia. "Ni kweli?"

"Wimbo ni wake," Malkia alijibu akilia.

Sindano akairudisha njia ya kinanda kwenye piano. Malkia akawaambia wazazi ukweli, na wimbo ukapigwa na Sindano mwenyewe, ingawa vidole vyake vilikuwa vizito. Funguo zilibaki kwa shangazi. Sindano alikatazwa kugusa mitambo muhula mzima.

Njiani kurudi nyumbani, aliomba msamaha.

"Nimekusamehe, mwanangu," shangazi alisema. "Ulidhulumiwa, sikatai. Ungesema siku ileile, haki yako ungeipata mchana kweupe. Ulipoificha hasira ukaigeuza kisasi, ulimlenga mwenzako, kikanipata mimi. Ukionewa, sema. Usivizie."