Mwangwi Juu ya Sauti ya Lamont

"Rudisha nyuma kidogo," Lamont alisema, akakohoa. "Ule mstari wa mwisho. Niongezee mwangwi."

Odessa alibonyeza kitufe cha kurekodi. Wimbo ulipokuwa ukipita, akazungusha kidude cha mwangwi polepole: sauti ya mchumba wake ikikwaruza anaongeza, ikinyooka anapunguza. Mashine ilirekodi kila mkono wake ulivyosogea. Aliporudia wimbo, mwangwi ulipanda na kushuka wenyewe, palepale alipotaka.

"Umesikia? Hakuna atakayejua," Lamont alisema.

Kazi hiyo waliifanya kwenye chumba cha chini cha nyumba yao, Detroit, tangu theluji ianze. Daktari alishasema ni saratani ya koo, na kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote. Lamont alimwambia Odessa kwamba yeye na daktari wamekubaliana upasuaji uahirishwe, amalize wimbo wake kwanza.

Simu ya Odessa ikaita.

"Bi Pruitt? Ni muuguzi hapa wodi ya koo. Bwana Lamont hapokei simu, na jina lako ndilo alilotuachia. Jana tulimngoja chumba cha upasuaji, hakutokea. Ni mara ya pili. Daktari anasema akizidi kuchelewa, hatutakuwa na la kumfanyia."

Odessa aliishusha simu.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Si nilikwambia? Kwa kinyozi."

"Asubuhi nzima, Lamont. Na kichwa chenyewe ndio hicho."

Lamont alijipapasa nywele zisizokatwa.

"Ulisema daktari amekubali," Odessa alisema.

"Nilidanganya."

"Kwa hiyo unataka kufa."

"Nataka kuimba, Dess. Ulinipendea nini pale kwaya? Sura hii?"

"Usinigeuzie kibao."

"Mkono wako umeshajibu. Nikikwaruza tu, unanifunika."

"Wewe ndiye uliyeniomba."

"Niliomba mstari mmoja. Wewe umenizamisha wimbo mzima. Kama hivi huwezi kunisikiliza, nikiwa bubu itakuwaje?"

Ilikuwa kweli, na Odessa alijua. Aligeukia mashine, akafuta mwangwi wote aliourekodi, kisha akacheza wimbo. Sauti ya Lamont ikatoka uchi: imepasuka, inavuta pumzi kwa shida, inapotea katikati ya neno.

"Zima," Lamont alisema.

"Sizimi. Nilikuwa nafunika ili nisisikie unavyoumwa. Nikikusikia hivi, najua unaondoka. Hicho ndicho kilichonishinda, siyo wewe."

"Nikitoka huko bila sauti, utakaa na mimi?"

"Nitakaa. Lakini ukibaki hapa nitakuzika, na sitakusamehe."

Lamont alichukua koti na funguo, akapanda ngazi bila kuaga. Odessa akasikia gari likiwaka, likaondoka. Alikaa sakafuni, akampigia mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Hakuna jibu. Akaandika: "Sitaki wimbo. Sitaki sauti. Nataka urudi nyumbani ukiwa hai."

Alilia mpaka macho yakavimba. Ndipo ujumbe ukaingia.

"Niko maegesho ya hospitali. Miguu imekataa kushuka. Njoo unishushe."

Odessa alitoka na ndara kwenye theluji, akamgongea jirani ampeleke. Alimkuta Lamont ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha, na gari limezimwa.

"Naogopa, Dess."

"Hata mimi. Nipe mkono."

Wakaingia pamoja. Safari hii walimpasua.

Saratani waliitoa. Sauti ikaenda nayo. Zilifuata wiki mbaya: Lamont alipigana na mirija, akamgeuzia Odessa mgongo, na siku moja akamwandikia kwenye simu, "Nenda, wewe bado kijana." Odessa aliisoma, akaifuta, akaendelea kumsafisha tundu la shingoni alilowekewa la kupumulia.

Majira ya joto wakasimama kanisani kufunga ndoa. Mchungaji aliuliza kama Lamont anamkubali Odessa kuwa mke wake. Lamont akafungua mdomo. Pumzi tu ikatoka shingoni. Akajaribu tena, jasho likimtoka.

Mama yake Odessa aliinuka kutoka benchi la mbele.

"Mchungaji, huyo ameshakubali. Mwenye macho ameona. Endelea."

Watu wakacheka. Lamont naye akacheka bila sauti, mabega yakimtikisika, machozi yakimshuka.

Mchungaji akamgeukia Odessa, na kabla hajamaliza kutaja jina lake, Odessa alikuwa ameshasema ndiyo.