Lebo ya Mwavuli

Haya ni kweli tupu, hayakutiwa chumvi hata punje. Msimulizi akiongopa, ulimi wake uote malengelenge.

Fundi cherehani alimshonea binti yake gauni la njano kwa siku tatu. Binti, mwenye miaka tisa, akachungulia ndani ya kola.

“Mama, halina lebo.”

“Lebo ya nini? Si nimekushonea mimi?”

“Wasichana wa kwenye tangazo la runinga wana lebo. Hili silivai.”

Maneno yale yalimchoma mama kuliko sindano. Binti alipotoka, mama alifumua lebo ya mwavuli mbovu, akaishonea kwenye kola.

Binti alipoiona lebo, akalivaa mbio! Lakini mama hakuwa na raha. Je, mikono yake haimtoshi mwanawe?

Jumamosi walikwenda ukumbini. Jirani yao, mwonyesha filamu, aliwawekea filamu ya vichekesho. Katika filamu hiyo, mtu wa matangazo alitoka ndani ya runinga, akaketi mezani kwa watu.

“Sufuria hii ya kizamani!” Wakanunua nyingine.

“Viatu hivi aibu!” Wakanunua vingine. Nyumba ikajaa vitu, wenyewe wakahamia uani.

Watu ukumbini walicheka mpaka mabenchi kumi na mawili yakavunjika. Binti hakucheka.

“Mjomba,” alimwuliza jirani, “kwa nini aliwasema vibaya?”

“Ili auze, mwanangu. Anakutia unyonge kwanza, kisha anakuuzia dawa yake. Filamu hii inatufumbua macho. Ukiona tangazo, jiulize: nani anasema? Anapata nini? Mimi nilikihitaji kitu hicho kabla hajaniambia?”

Binti akashika kola yake. “Mama, hii lebo uliipata wapi?”

“Kwenye mwavuli. Niliogopa utaikataa kazi yangu.”

“Mwavuli!” Binti akaangua kicheko, kisha akamkumbatia kiunoni. “Itoe, mama. Inaniwasha shingo tangu Jumatatu.”

Mama akaukata uzi kwa meno, palepale.

Siku hizi tangazo likianza, binti huiuliza runinga, “Nani anasema? Unapata nini?” Nayo haijamjibu. Na gauni la njano analivaa mpaka mama amwombe alivue lifuliwe.

Fundi ameisoma hadithi hii, akamgeukia msimulizi. “Mabenchi kumi na mawili? Wee mzee! Lilivunjika moja, na aliyelikalia ni wewe!”

Basi msimulizi yuko ukumbini na nyundo, analitengeneza. Ana misumari minne mdomoni, hawezi kuongeza neno.