Barua ya Sista Msumeno

Kila siku, kabla ya saa moja asubuhi, mhudumu alikuwa ameshapiga deki wodi nzima ya watoto. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka tisa. Alichokitaka hasa ni uuguzi. Chuo cha uuguzi kilimkatalia mwaka jana, na mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, maana hakikupokea mtu aliyevuka miaka thelathini na mitano. Fomu ilidai barua za watu wawili wa kumpendekeza.

Nyumbani, mjomba wake hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Barua ya Mheshimiwa diwani si ipo, mwanangu? Ina muhuri mkubwa kama kisosi!"

"Mjomba, ndiyo hiyohiyo niliyopeleka mwaka jana."

"Mwaka jana hawakuiona vizuri. Peleka tena."

Siku ya pili aliiweka barua mezani wodini huku akikunja mashuka. Muuguzi mkuu wa wodi akaichukua na kuisoma. Watu walimwita Sista Msumeno kwa sababu ya ulimi wake.

"Huyu diwani anakujua?"

"Hapana, sista. Anajuana na mjomba."

"Ndiyo maana ameandika 'kijana mwadilifu wa familia njema.' Hata mlinzi wa getini naweza kumwandikia hivyo. Nimewahi kukaa kwenye usaili wa chuo kile. Barua kama hii tunasoma mistari miwili, tunaweka kando. Tunamtaka mtu aliyekuona ukifanya kazi, kwa muda mrefu, na hivi karibuni. Aeleze ulifanya nini. Ndugu hafai. Mkubwa asiyekujua naye hafai."

"Mwalimu wangu wa sayansi, wa masomo ya jioni, je?"

"Huyo sawa. Mwombe mapema, apate wiki tatu za kuandika. Muulize waziwazi kama ana mazuri ya kusema. Akisitasita, mshukuru, utafute mwingine. Haya, wa pili nani?"

Wa pili alikuwa amesimama mbele yake, na mhudumu alimwogopa.

Miezi saba nyuma, mama mmoja alimwomba akamwite sista. Mtoto wake alikuwa anapumua kwa shida. Yeye akasema, "Nakuja, mama, namalizia hapa tu." Akamalizia kudeki safu mbili za vitanda. Mtoto akakata roho. Mama yule alilia tu, hakumlalamikia mtu. Mhudumu alikwenda mwenyewe kwa Sista Msumeno akaeleza alichofanya. Alisemwa mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Sista, wewe unajua kosa langu," alisema sasa.

"Najua. Na ninajua ulivyofanya kazi baada ya hapo. Nitakuandikia, ila nitaandika yote. Unakubali?"

Akakubali.

Mjomba aliposikia alishika kichwa. "Umejichimbia kaburi, mwanangu!"

Mhudumu alikwenda kwenye usaili bila kupata usingizi usiku. Mkuu wa chuo alikuwa mama mwenye miwani. Aliipitia barua ya mwalimu, kisha akaisoma ya sista kwa sauti:

"Siku moja alichelewa kuniita, na mtoto akafa. Hakuna aliyemshitaki. Alikuja kuniambia mwenyewe. Tangu hapo, mgonjwa akiita, anaacha ndoo palepale na kukimbia. Mwezi uliopita aliniita mapema, na mtoto wa kitanda cha sita yuko hai. Ningependa kufanya kazi naye akiwa muuguzi."

Mkuu wa chuo akavua miwani. "Ni kweli haya?"

"Ni kweli, mama."

"Yule aliyefariki alikuwa na umri gani?"

"Mwaka mmoja na miezi miwili."

Hakuulizwa mengi zaidi.

Baada ya wiki sita jibu lilikuja. Amepokelewa. Mjomba alishangilia hadi majirani wakatoka nje. Yeye aliingia chumbani akafunga mlango. Alilia kwa furaha, kisha akamlilia yule mtoto, ambaye hakuna barua ingeweza kumrudisha.